Wimbo Umefika, Mazungumzo Bado: Jukwaa la Gisozi na Nafasi ya Kiswahili Jijini Kigali

Ikisiri

Makala hii inahakiki mazungumzo ya hadhara na maonyesho ya sanaa yanayofanyika katika Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi, Kigali, hususan Tamasha la Sanaa la Ubumuntu lililoanza mwaka 2015. Inadai kwamba sehemu ya muziki na uchezaji imepata umbo linaloendana na heshima ya mahali hapo, ilhali sehemu ya mazungumzo bado inayumba, na kwamba chanzo kimojawapo ni lugha. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, hakijapata nafasi ya kudumu katika mazungumzo hayo. Makala inaonesha pia kwamba wataalamu wa Kiswahili wenyewe hawajayatayarisha vya kutosha maneno ambayo lugha hiyo ingekwenda nayo Gisozi.

Utangulizi

Katika njiapanda ya Mtaa wa Sita na Mtaa wa I jijini Washington lipo jengo lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1908 likiwa sinagogi ya jumuiya ya Adas Israel. Mwaka 1951 lilichukuliwa na kanisa la Wamethodisti weusi la Turner Memorial, likawa nyumba yao ya ibada kwa takribani nusu karne. Lilipotiwa sokoni tena mnamo 2002 lilinusurika kugeuzwa klabu ya usiku. Wafanyabiashara watatu walilinunua, na mwaka 2004 likafunguliwa upya likiwa sinagogi na wakati huohuo ukumbi wa mazungumzo ya hadhara na muziki. Tangu hapo waandishi wa vitabu, wanasiasa, wachekeshaji na wanamuziki hupokezana jukwaa moja na ibada.

Kigali haina sinagogi kongwe. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2004, katika kumbukumbu ya miaka 10 tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi kilifunguliwa kwa ushirikiano wa Jiji la Kigali na shirika la Aegis Trust, na baadaye kikajengewa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Katika ukumbi huo watu hukaa kusikiliza wengine wakizungumza, wakiimba na wakicheza, karibu na makaburi ya pamoja walimozikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 2004 pia ndipo lilipofanyika kwa mara ya kwanza tamasha la Sauti za Busara katika Ngome Kongwe ya Zanzibar. Kwa hiyo katika mwaka mmoja sehemu tatu zilizobeba historia nzito ziliingia kwenye kazi ya kuwakutanisha watu kwa muziki na maneno. Ulinganisho wa sehemu hizo tatu unaisaidia makala hii kuuliza swali ambalo wahakiki wa sanaa za maonesho katika Afrika Mashariki hawajalishughulikia ipasavyo: mahali penye historia hudai nini kwa wale wanaopafanya jukwaa, na hudai kwa lugha gani?

Mahali panapodai

Sinagogi ya Washington haiwadai sana wageni wake. Mwandishi wa kitabu cha mapishi anaweza kuzungumza humo leo na mpiga gitaa akafuata kesho, na hakuna atakayeona kwamba jengo limekosewa adabu. Kuta zake huongeza hadhi ya tukio bila kulichagulia mada. Ngome Kongwe nayo imekwisha kuzoea kubadilishiwa kazi. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yaliingizwa ndani ya ngome. Mpenzi wa muziki anayesimama uwanjani humo mwezi Februari hakumbushwi kanisa wala ngome, na pengine hiyo ni hasara ndogo. Kuta zinalinda sauti na kupendeza machoni, basi.

Gisozi ni tofauti kabisa. Hapo mada imekwisha kuchaguliwa kabla msanii hajapanda jukwaani. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Gisozi, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo dai la mahali hapo limekuwa pia dai la kimataifa. Msanii anayeleta kazi isiyohusiana na kifo, chuki, woga au kuishi pamoja atakuwa ameshindwa hata kama kazi yenyewe ni nzuri. Hope Azeda, mwasisi wa kundi la Mashirika na baadaye wa Tamasha la Ubumuntu, alilielewa dai hili mapema. Alilipanga tamasha mwezi Julai, siku 100 za maombolezo zinazoanza tarehe 7 Aprili zikiwa zimefika mwisho wake, ili watu watoke kwenye kulia waingie kwenye kutafakari. Aliacha mlango wazi bila kiingilio. Aliwaalika pia wasanii wa nchi nyingine waliopitia vita, ubaguzi na uhamisho, ili Rwanda isikae peke yake na maafa yake.

Katika mazingira haya uchezaji na muziki vimefaulu kuliko maneno. Sababu ya kwanza ni ya kawaida: makundi yanayotoka nchi zenye lugha tofauti hulazimika kutegemea mwili, ala na mwanga. Sababu ya pili inahusu mahali. Mchezaji anayeanguka na kuinuka kwenye sakafu ya Gisozi haelezi kitu ambacho manusura aliyeketi mbele yake anakijua kuliko yeye. Anakionesha, na humwachia manusura haki ya kukubali au kukataa. Hata makofi hapo yana uzito wake. Hadhira ya ukumbi wa kawaida hupiga makofi bila kufikiri. Gisozi mtazamaji hulazimika kujiuliza kama inafaa kupiga makofi karibu na kaburi, na kimya kinachotangulia makofi hayo huwa sehemu ya onyesho. Hili ni jambo ambalo hakuna mwongozaji angeweza kuliandika katika mchezo wake.

Mazungumzo hayakupata bahati hiyo, na sehemu kubwa ya makala hii itashughulika nayo. Lakini kwanza ni lazima kulisikiliza jina la tamasha lenyewe.

Ubuntu, ubumuntu na utu

Msomaji aliyezoea mijadala ya falsafa ya Kiafrika angetarajia tamasha la namna hii liitwe Ubuntu, kwa kuwa neno hilo la Kizulu na Kixhosa limekwisha kuenea duniani. Kwa Kinyarwanda lingepotosha. Katika Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na katika lugha ya kanisa ni neema. Kitu kinachotolewa ku buntu ni kitu kinachotolewa bure. Kwa hiyo waasisi walichukua ubumuntu, neno ambalo halikujengwa juu ya mzizi mtupu -ntu bali juu ya jina zima umuntu, yaani mtu. Maana yake ni hali ya kuwa mtu. (Kwamba tamasha liitwalo Ubumuntu hutolewa ku buntu ni mchezo wa maneno ambao Mnyarwanda yeyote anaweza kuufurahia bila msaada wa mwanaisimu.)

Kiswahili kina neno utu, lililojengwa moja kwa moja juu ya mzizi, na matumizi yake yameelekea kwenye maadili. Mtu asiye na utu ni mtu asiye na huruma au adabu. Hakuna anayedai kwamba si mtu. Ubumuntu unagusa jambo la chini zaidi. Propaganda iliyotangulia mauaji ya 1994 iliwaita watu mende na nyoka. Iliwanyima kwanza hali ya kuwa watu, kisha suala la huruma likawa halina pa kushika. Tafsiri ya ubumuntu kwa neno utu, ambayo ndiyo ya kwanza kumjia mfasiri, inapunguza basi ukali wa neno asilia: inalifanya tamasha kuwa wito wa kutendeana wema, wakati jina lenyewe linajibu tusi lililokana watu kuwa watu.

Neno lililo karibu zaidi ni ubinadamu. Nalo limejengwa juu ya jina zima, binadamu, kwa njia ileile ambayo ubumuntu umejengwa juu ya umuntu. Zaidi ya hayo, ndani yake mna nasaba: bin Adamu, mwana wa Adamu. Neno hilo liliingia kutoka Kiarabu likiwa na dai kwamba watu wote wana ukoo mmoja. Itaonekana hapa chini kwamba suala la ukoo si dogo pale Kiswahili kinapotaka kulizungumzia jambo lililotokea Rwanda. Kwa sasa inatosha kusema kwamba mfasiri anayeandaa tangazo la Kiswahili la tamasha hili ana uchaguzi wa kweli wa kufanya, na kwamba utu, pamoja na uzuri wake wote, si jibu la moja kwa moja.

Igitaramo na tamasha

Ugumu wa pili ni wa jina la tukio. Kiswahili kinaliita tamasha, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo katika matumizi yetu limebeba macho kuliko masikio: kitu cha kutazamwa, shangwe, watu wengi. Maonesho ya biashara yana tamasha lake na kampeni za uchaguzi zina lake. Onyesho na burudani havisaidii zaidi. Mtu anayealikwa kwenye burudani Gisozi ana haki ya kushtuka.

Kinyarwanda kina igitaramo, kutokana na kitenzi gutarama. Igitaramo cha asili ni mkutano wa jioni ambamo watu huzungumza, husimulia, hughani, huimba na hucheza, na haiwezekani kusema wapi mazungumzo yanakoma na muziki unaanza. Leo neno hilo limepanuka hata kuwa jina la konsati ya wasanii wa kizazi kipya na ya kwaya za makanisa. Kumbukumbu ya umbo la zamani haijapotea, hata hivyo, na ndiyo inayofanya mpango wa Gisozi, wa kuweka mazungumzo na maonesho katika jioni moja, usionekane wa kigeni kwa wenyeji. Mwandishi wa habari wa nje anaweza kudhani kwamba kikao cha maswali baada ya onyesho kimeigwa kutoka kumbi za Ulaya. Mzee wa Kinyarwanda angeshangaa kama kisingekuwepo.

Kwa upande wa Kiswahili, utamaduni wa kukaa pamoja na kuzungumza haupungui. Tatizo ni kwamba uliwekwa mbali na muziki. Baraza ni jina la kiti cha mawe nje ya nyumba ya mwambao, likawa jina la mkutano wa wanaokaa juu yake, kisha la mkutano wa mawaziri. Gacaca ya Rwanda ilipita njia ileile: jina linatokana na nyasi ambazo watu walikalia walipoamua mashauri, na mahakama zilizopewa jina hilo zilisikiliza takribani kesi milioni 2 hadi zilipofungwa mwaka 2012. Lugha zote mbili zinakumbuka kwamba mazungumzo mazito huhitaji mahali pa kukalia. Lakini baraza la Waswahili liliachana na taarabu muda mrefu uliopita. Taarabu ilikwenda ukumbini na harusini, baraza likabaki kuwa la maneno. Anayetafuta jina la Kiswahili la jioni ya Gisozi atajikuta akishika nusu moja ya jambo na kuiacha nyingine.

Lugha ya kipaza sauti

Mabango ya maonesho ndani ya kituo cha Gisozi yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mpango huo ulieleweka mwaka 2004. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mwaka uliofuata serikali ikaamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikipandisha Kiswahili pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi haya yote yamefika kwenye meza za mikutano. Jukwaani Gisozi hayajafika. Matangazo ya Tamasha la Ubumuntu hutolewa hasa kwa Kiingereza, na mazungumzo yake huegemea Kiingereza na Kinyarwanda. Kiswahili huweza kusikika ndani ya wimbo au mchezo wa kundi kutoka nchi jirani. Kipaza sauti kinapohamia kwenye mazungumzo, hunyamaza.

Athari yake si ya takwimu. Msanii wa Bukavu, ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya mjini, akiulizwa kwa Kiingereza kwa nini ameuweka mwili wa mama yake katikati ya mchezo wake, atajibu kwa Kiingereza alichonacho. Kiingereza hicho aghalabu ni cha maombi ya ufadhili: uponyaji, mazungumzano, vijana, amani, ustahimilivu. Maneno hayo yana kazi yake mahali pengine. Hapa yanamfunika msemaji. Manusura wa Kigali aliyeketi ngazi ya tatu, ambaye pengine anamwelewa vizuri zaidi akisema Kiswahili cha sokoni kuliko Kiingereza cha semina, hupokea jibu kupitia mkalimani, likiwa limekwisha kupoteza mambo mawili njiani. Onyesho lililokuwa limewafikisha watu hao wawili karibu linafuatwa na kikao kinachowatenganisha.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba Gisozi ni mahali pa huzuni ya Wanyarwanda, na kwamba Kinyarwanda, ambacho karibu kila Mnyarwanda anakizungumza, kinatosha. Pingamizi hili lina nguvu na halipaswi kujibiwa haraka. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina haki ya kuingia Gisozi kama mgeni anayedai kiti cha mwenyeji. Lakini tamasha lenyewe limeamua kuwaita wageni, na limeamua kuzungumza nao kwa lugha ya pili. Swali ni ipi.

Pingamizi la pili halisemwi mikutanoni ingawa linajulikana. Katika Kinyarwanda neno umuswahili limebeba maana ya Mwislamu na pia, kwa kejeli, ya mjanja wa mjini asiyeaminika. Wakoloni waliwatenga Waislamu wa Kigali katika mtaa ulioitwa Camp Swahili, karibu na Biryogo na Nyamirambo, na lugha ikarithi sifa iliyobandikwa mtaa huo. Kuna watu wazima Kigali wanaokielewa Kiswahili vizuri na hawapendi kusikika wakikisema mahali pa heshima. Sera ya 2017 haiwezi kufuta hisia hiyo kwa amri.

Hata hivyo historia ya mtaa huo ina sura nyingine, na Gisozi ndipo pangefaa isimuliwe. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda, wakiwamo wa Nyamirambo na Biryogo, walikataa kushiriki katika mauaji na waliwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa, ingawa si wote waliofanya hivyo. Kukipa Kiswahili sifa ya wema kwa sababu hiyo kungekuwa upuuzi. Hakuna lugha inayomficha mtu. Lakini wapo wazee waliomficha mtu na ambao wangependa kusimulia walichofanya kwa maneno ya mtaa wao. Kwa mpango wa sasa watasimulia kwa lugha nyingine, au hawatasimulia.

Neno “kimbari” mbele ya makaburi

Hadi hapa lawama imewaelekea waandaaji. Sehemu inayofuata inawaelekea wataalamu wa Kiswahili, na ndiyo nzito zaidi.

Tuchukulie kwamba kesho Kiswahili kinakaribishwa kwenye mazungumzo ya Gisozi. Mwendeshaji anafungua kikao na kutamka mauaji ya kimbari. Neno hili limekubalika katika vyombo vya habari na katika hati za Umoja wa Mataifa, na makala hii imelitumia. Lakini mbari ni ukoo. Msikilizaji asiye na elimu ya istilahi anaposikia mauaji ya kimbari anaweza kabisa kuelewa kwamba koo ziligombana na kuuana. Maana hiyo ndiyo hasa ambayo manusura wa Rwanda wameipinga kwa miaka 30, kwa sababu inawaweka muuaji na aliyeuawa katika pande mbili za ugomvi mmoja. Hatari huongezeka pale watangazaji, kwa uzembe au kwa kupenda maneno mepesi, wanapoteremka kutoka mauaji ya kimbari hadi mapigano ya kikabila. Kutoka neno la kwanza hadi la pili ni hatua moja tu, na neno lenyewe limefungua mlango.

Kinyarwanda kilipitia tatizo linalofanana. Neno itsembabwoko lilijengwa juu ya ubwoko, ambalo hubeba maana ya aina, ukoo na kabila kwa pamoja, na ambalo lilikuwa na historia yake chafu katika vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2008 yaliliweka mahali pake jenoside yakorewe Abatutsi: neno la mkopo, likifuatwa na jina la waliotendewa. Lugha yenye utajiri wa kuunda maneno kama Kinyarwanda iliona ni heri kukopa kuliko kubaki na neno linaloacha wazi nani alimuua nani. Mwaka 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitaja waliolengwa katika jina la siku ya kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili.

Kiswahili hakijafanya mjadala wa aina hiyo kwa uzito unaostahili, na kilipata nafasi. Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda iliundwa kwa azimio la Novemba 1994 na ikakaa Arusha, mji wa Waswahili, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi walifasiriwa kutoka Kinyarwanda. Kwa miaka 20 mashauri mazito kuliko yote katika ukanda huu yalisikilizwa kwenye mji ambao madereva, wapishi na walinzi wa mahakama walizungumza Kiswahili, na lugha hiyo ikabaki nje ya chumba cha mahakama. Istilahi zake za kuzungumzia jambo hilo zilitungwa katika vyumba vya habari, na wafasiri wenye dakika chache kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Hawastahili kulaumiwa. Walijaza pengo ambalo wanataaluma waliliacha.

Hapa ndipo nasaba iliyo ndani ya neno ubinadamu inaporudi. Lugha ambayo imelipa kosa hili jina linalotaja ukoo mdogo, mbari, ina pia neno linalotaja ukoo mmoja wa watu wote. Mwendeshaji makini anaweza kuyaweka maneno hayo mawili kando kwa kando mbele ya hadhira na kueleza kwa nini la kwanza halitoshi. Maelezo ya namna hiyo, yakitolewa kwa Kiswahili, Gisozi, yangekuwa mazungumzo halisi yenye faida kwa Mtanzania na Mkongomani aliyeketi hapo kuliko hotuba nyingi za ukaribisho.

Kazi iliyo mezani

Kwa washauri wa sera, hatua zinazofaa ni ndogo kuliko zinavyodhaniwa. Hakuna haja ya kuligeuza tamasha kuwa la Kiswahili, wala kuanzisha jingine. Kikao kimoja cha mazungumzo katika kila awamu ya tamasha kinaweza kuendeshwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda bila kupitia Kiingereza, msemaji mmoja akitoka Kigali na mwingine ng'ambo ya mpaka. Mwendeshaji si lazima awe mtu mashuhuri. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha Kiswahili kwa walimu watarajiwa, na miongoni mwa wahitimu wake wapo wanaozimudu lugha zote mbili kiasi cha kusahihisha tafsiri papo hapo, kipaji ambacho wakalimani wa mikutano hawana kila wakati. Tarehe 7 Julai huja siku chache tu kabla ya tamasha. Fedha na wageni wanaokusanywa kwa ajili ya Siku ya Kiswahili wanaweza kubaki Kigali wiki moja zaidi.

Mabango ya kudumu ni suala gumu zaidi. Maandishi ya Kiswahili ndani ya kituo yatasomwa kwa miongo kadhaa na wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanaoletwa kwa mabasi, na kosa moja la istilahi litarudiwa madarasani mwao. Yasiandikwe kwa haraka ya kutimiza sheria. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye mamlaka ya kuitisha kikao cha istilahi. Lakini kikao hicho kikifanyika Zanzibar bila manusura na bila wataalamu wa Kinyarwanda, kitatoa orodha nyingine ya maneno ya kamusi. Kinapaswa kukaa Kigali, na ajenda yake ya kwanza iwe fupi: mauaji ya kimbari, jenosidi, manusura, shahidi, kumbukumbu, msamaha, na kama utu unatosha kwa ubumuntu.

Neno manusura peke yake litakula asubuhi nzima. Katika Kiswahili linamtaja aliyenusurika ajali ya basi kwa sauti ileile inayomtaja aliyeokoka Murambi. Kinyarwanda kina uwarokotse, aliyeokoka, na watu wanaojiita hivyo wana maoni yao kuhusu jinsi wanavyotaka kuitwa katika lugha ya jirani. Hakuna kumbukumbu iliyochapishwa ya kikao cha wataalamu wa Kiswahili kilichowauliza.